Ncha Mbili za Kundi Moja la Jeni: Kisa cha Mulago na Vipokezi vya Kinga Katika Kifafa cha Mimba

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, wakiongozwa na daktari wa uzazi Annettee Nakimuli, pamoja na wenzao wa Uingereza na Marekani, wakiwemo Ashley Moffett wa Cambridge na Peter Parham wa Stanford, walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanyika katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Walikuwa wamelinganisha mimba 254 zilizoingia prieklampsia, hali inayotangulia kifafa cha mimba, na mimba 484 zilizokwenda salama. Kwa kila upande walisoma jeni za aina mbili: za mama zinazounda vipokezi vya seli fulani za kinga, na za mtoto zinazounda alama ambayo vipokezi hivyo huitambua.

Sehemu moja ya matokeo ililingana na yale yaliyokwisha kuonekana Uingereza miaka zaidi ya kumi nyuma yake: mchanganyiko uleule wa jeni za mama na za mtoto uliohusishwa na hatari kule, ulihusishwa na hatari Kampala pia. Sehemu ya pili ilikataa kulingana. Jeni zilizoonekana kuwakinga wanawake wa Uingereza ziko kwenye ncha moja ya kundi la jeni hizo, na zilizoonekana kuwakinga wanawake wa Kampala ziko kwenye ncha ya pili, katika mpangilio ambao Wazungu hawana kabisa. Iwapo hatari ni moja, kwa nini kinga iwe katika mahali pawili tofauti? Jibu la swali hilo ndilo linalokifanya kisa cha Mulago kistahili kusomwa taratibu, kwa kuwa linaonyesha jinsi utofauti wa vipokezi vya kinga unavyofanya kazi ndani ya miili halisi, na jinsi hitimisho lililojengwa juu ya watu wa bara moja linavyoweza kuwa sahihi huko na likapotosha kwingine.

Ugonjwa unaoanza kabla ya kuonekana

Kliniki huitambua prieklampsia pale shinikizo la damu la mjamzito linapofika 140 kwa 90 au zaidi baada ya wiki ya 20 ya mimba, likiambatana na protini kwenye mkojo au na dalili za kuumia kwa viungo kama figo, ini na ubongo. Ikifikia degedege huitwa kifafa cha mimba. Jina hilo limewaponza wengi, kwa sababu wapo wanaolichanganya na kifafa cha kawaida, na wapo wanaolihusisha na mapepo au kurogwa, wakampeleka mgonjwa kwingine wakati kila dakika ina thamani.

Kinachoonekana kliniki katika mwezi wa saba au wa nane, hata hivyo, ni mwisho wa mkondo mrefu. Chanzo chake kiko katika miezi mitatu ya kwanza, kondo la nyuma linapojishikiza. Katika kipindi hicho seli za nje za kondo, ziitwazo trofoblasti, hutoka upande wa mtoto na kupenya ukuta wa mfuko wa uzazi hadi kuzifikia ateri ndogo za mama zilizojiviringa. Zikifika, huondoa misuli iliyozizunguka ateri hizo, na mishipa iliyokuwa myembamba na yenye kubana na kuachia hugeuka kuwa mifereji mipana inayoingiza damu polepole na bila kukatika. Upenyaji ukiwa wa juujuu, ateri hubaki nyembamba, damu huingia kwa kasi na kwa kiasi kisichotosha, na kondo hutaabika. Kondo lililotaabika hutoa kwenye damu ya mama vitu vinavyodhuru utando wa ndani wa mishipa, mojawapo ikiwa protini iitwayo sFlt-1, na hapo ndipo shinikizo hupanda, figo huvujisha protini, na ubongo huingia hatarini. Ndiyo maana tiba ya mwisho ya ugonjwa huu ni moja tu: mtoto azaliwe na kondo litoke.

Kwa hiyo swali la msingi si kwa nini shinikizo lilipanda mwezi wa nane. Swali ni nani aliyeamua, katika wiki za mwanzo, trofoblasti zipenye kwa kina gani.

Katika ukuta wa mfuko wa uzazi wa mwenye mimba changa, seli za kinga zilizo nyingi kuliko nyingine zote ni seli za NK (kifupi cha Kiingereza natural killer, yaani wauaji wa asili), ambazo ni takriban asilimia 70 ya chembe nyeupe zilizopo hapo. Jina lao linatokana na sifa ya ndugu zao walio kwenye damu, ambao huua seli zilizoambukizwa virusi au zilizogeuka saratani bila kuhitaji kufundishwa kwanza. Wale wa mfuko wa uzazi hawaui trofoblasti. Kazi yao inafanana zaidi na ya mwenyeji anayempokea mgeni na kumwonyesha aishie wapi: wakipata ishara ya kuamka, hutoa kemikali zinazozivuta trofoblasti ziingie ndani zaidi, wakipata ishara ya kutulia, kemikali hizo hupungua. Ishara hizo hupitia kwenye vipokezi viitwavyo KIR, vilivyo juu ya seli za NK.

Utofauti unaorithiwa

Wasomaji wengi waliowahi kusikia habari za utofauti wa vipokezi vya kinga wanaujua ule wa seli za T na seli za B. Huko mwili hukata na kuunga upya vipande vya jeni ndani ya kila seli, hivyo mtu mmoja akawa na mamilioni ya vipokezi ambavyo hakuvirithi kama vilivyo kwa mzazi yeyote. Susumu Tonegawa alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1987 kwa kuufichua utaratibu huo upande wa kingamwili. Vipokezi vya KIR haviendi njia hiyo. Jeni zake hazikatwi wala haziungwi upya. Mtu huishi na zile alizozaliwa nazo, na utofauti wote uko baina ya mtu na mtu.

Utofauti huo ni mkubwa kwa namna isiyo ya kawaida. Jeni za KIR zimepangwa kwa mstari kwenye kromosomu ya 19, na watu hawatofautiani tu katika tahajia ya kila jeni, jambo lililo la kawaida kwa jeni nyingi. Wanatofautiana hata katika idadi yake. Mmoja anaweza kurithi kwa mama yake mstari wenye jeni 7 zinazofanya kazi, na kwa baba yake mstari wenye jeni 10 au zaidi. Kisha kila jeni ina alele nyingi, yaani matoleo yaliyotofautiana kidogo, na kila seli ya NK huwasha baadhi tu ya jeni hizo na kuziacha nyingine zimelala, kiasi kwamba hata ndani ya mtu mmoja seli za NK hazifanani.

Majina ya jeni hizi yanatisha kwa mara ya kwanza, lakini yana mantiki, na bila kuyaelewa kisa hiki hakisomeki. Katika jina kama KIR2DL1, tarakimu 2 inahesabu vipande vya protini vilivyo nje ya seli. Herufi L inaeleza kuwa kipokezi kina mkia mrefu ndani ya seli, na mkia mrefu kwa kawaida hubeba ishara ya kutuliza. Katika KIR2DS1, herufi S inaeleza mkia mfupi, na wenye mkia mfupi huamsha. Tarakimu ya mwisho ni ya kutofautisha tu. Hivyo KIR2DL1 na KIR2DS1 ni ndugu wanaofanana sura kwa nje, wanaoshika alama ileile, ila mmoja huiambia seli tulia na mwingine huiambia amka.

Mistari ya KIR imegawanywa katika makundi mawili. Kundi A lina jeni chache, karibu zote za kutuliza, na halitofautiani sana kutoka mtu hadi mtu. Kundi B lina jeni zaidi, zikiwemo kadhaa za kuamsha, na lina sura nyingi. Mwenye mistari miwili ya A huitwa KIR AA. Mstari wenyewe una nusu mbili: nusu iliyo upande wa sentromia, yaani kiuno cha kromosomu, na nusu iliyo upande wa telomia, yaani ncha yake. Nusu hizi mbili hazifungamani moja kwa moja, kwa hiyo mtu anaweza kuwa na B upande mmoja na A upande mwingine. Msomaji aishike habari hii ya nusu mbili, kwa kuwa ndiyo itakayorudi huko mbele.

Alama inayosomwa na vipokezi hivi upande wa mtoto ni HLA-C. Jamii ya HLA inafahamika kwa wale waliowahi kutafuta mtu wa kuchangia figo, kwa kuwa ndiyo inayopimwa ili kuona kama viungo vitakubaliana. Trofoblasti zinazopenya hazionyeshi HLA-A wala HLA-B. Kati ya zile zinazotofautiana sana baina ya watu, zinaonyesha HLA-C peke yake. Alele za HLA-C ni nyingi mno, lakini machoni mwa vipokezi vya KIR zote huangukia katika aina mbili, C1 na C2, na tofauti iko kwenye asidi amino moja tu katika nafasi ya 80: C1 ina asparajini, C2 ina laisini. KIR2DL1 hushika C2 na kutuliza kwa nguvu. KIR2DS1 hushika C2 na kuamsha. KIR2DL3, iliyo katika kundi A, hushika C1 na kutuliza kwa nguvu ndogo.

Jeni za HLA ziko kwenye kromosomu ya 6, mbali na za KIR zilizo kwenye ya 19, na hurithiwa bila kutegemeana. Katika mwili wa mtu wa kawaida, jambo hili huleta hali ambapo mtu ana kipokezi bila alama yake, au alama bila kipokezi chake. Katika ujauzito huenda mbali zaidi, kwa kuwa kipokezi ni cha mtu mmoja na alama ni ya mtu mwingine, na nusu ya alama hiyo imetoka kwa mtu wa tatu ambaye hayumo kabisa ndani ya mfuko wa uzazi, yaani baba.

Mkutano wa mama, mtoto na baba

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mama ni KIR AA, na HLA-C yake ni C1 pande zote mbili. Baba akiwa C1 pande zote mbili, watoto wao wote watakuwa C1, na KIR2DL1 ya mama haitakuwa na cha kushika. Baba akiwa na C1 moja na C2 moja, kila mimba ni kama kurusha sarafu: nusu ya uwezekano mtoto atabeba C2. Baba akiwa C2 pande zote mbili, kila mtoto atakayezaliwa na mama huyo kwa baba huyo atabeba C2, na katika kila mimba seli za NK za mama zitakutana na C2 zikiwa na kipokezi chenye nguvu cha kutuliza na bila kile cha KIR2DS1 cha kuamsha.

Hilo ndilo ambalo kundi la watafiti wa Cambridge liliripoti kwa wanawake wa Uingereza mwaka 2004: prieklampsia ilikuwa nyingi zaidi pale mama alipokuwa KIR AA na mtoto akawa na C2. Mwaka 2010 kundi hilohilo liliongeza mambo mawili. La kwanza, uhusiano ulikuwa na nguvu zaidi pale C2 ya mtoto ilipotoka kwa baba. La pili, wanawake waliokuwa na KIR2DS1, iliyo katika nusu ya telomia ya kundi B, walionekana kukingwa. Miaka mitatu baadaye maabara ilionyesha njia: seli za NK za mfuko wa uzazi zenye KIR2DS1 zikikutana na C2 hutoa kichocheo kiitwacho GM-CSF, na kichocheo hicho huongeza mwendo wa trofoblasti. Picha ilionekana kukamilika. Kutulia kupita kiasi huleta upenyaji wa juujuu, na kipokezi cha kuamsha kwa C2 hurudisha mizani.

Naona umuhimu wa kusisitiza jambo moja hapa kabla ya kwenda Kampala. Katika maelezo haya hakuna jeni mbovu. KIR AA si ugonjwa, na C2 si ugonjwa. Mama ni mzima, baba ni mzima, na hatari inazaliwa katika kukutana kwao. Mwanamke aliyepata kifafa cha mimba na akasikia ukoo wa mumewe ukisema kwamba kasoro ni yake, anasingiziwa. Nusu ya swali imeandikwa katika damu ya mume.

Kilichopatikana Mulago

Mulago ni hospitali kuu ya rufaa ya Uganda, na wakati wa uchunguzi wodi yake ya uzazi ilikuwa miongoni mwa zenye shughuli nyingi mno barani, ikihudumia zaidi ya uzazi 30,000 kwa mwaka. Ilikuwa mahali panapofaa kuuliza swali ambalo Cambridge haikuweza kujijibu yenyewe: je, mpangilio uliopatikana kwa Wazungu unasimama kwa Waafrika? Kulikuwa na sababu nzuri ya kushuku. C2 ni ya kawaida zaidi Afrika kusini mwa Sahara kuliko Ulaya, ilhali KIR2DS1, mlinzi wa Ulaya, ni adimu zaidi Afrika. Kwa mtazamo wa Cambridge pekee, wanawake wa Kiafrika wangeonekana kuwa na hatari tele na ulinzi haba.

Upande wa hatari, dhana ilisimama. Mama wa KIR AA mwenye mtoto wa C2 alikuwa na uwezekano wa mara 1.49 wa kuwa katika kundi la wagonjwa, ikilinganishwa na wasio na mchanganyiko huo. Upande wa ulinzi, nusu ya telomia haikuwa na la kusema. Ulinzi ulionekana katika nusu ya sentromia, kwenye mpangilio wa kundi B unaopatikana kwa watu wa Afrika kusini mwa Sahara tu, wenye jeni za KIR2DS5 na KIR2DL1 zikiwa pamoja. Waliokuwa nao, uwezekano wao wa kuugua ulishuka hadi mara 0.59.

Hapo ndipo palipo na fundo. KIR2DL1 inajulikana kuwa mtulizaji mkuu wa C2. Haitarajiwi kuleta ulinzi. Inabaki KIR2DS5, yenye mkia mfupi, yaani ya kuamsha. Lakini KIR2DS5 ilikuwa imekwisha kupimwa na kuonekana haishiki HLA-C. Kipokezi kisichoshika C2 kitawezaje kurekebisha kosa linalotokana na C2?

Fundo hilo lilifunguliwa kwa kutazama kilichopimwa hasa. KIR2DS5 ni jina la jeni yenye alele nyingi, na ile iliyokuwa imepimwa mwanzoni ilikuwa KIR2DS5*002, ambayo ndiyo karibu ya pekee kwa Wazungu. Kwa Waafrika jeni hiyo ina matoleo mengi, na lililohusishwa na ulinzi Kampala ni KIR2DS5*006. Mwaka 2017 vipimo vya kushikana kwa protini vilionyesha kuwa *006, pamoja na matoleo mengine ya Kiafrika, hushika C2, kinyume na *002. Maana yake ni kwamba wanawake wa Kampala wanacho kipokezi cha kuamsha kwa C2, chenye kazi inayofanana na ya KIR2DS1 kwa Wazungu, ila kimetengenezwa kutokana na jeni nyingine, iliyokaa katika nusu nyingine ya mstari. Kazi ni moja, mahali ni pawili.

Nakaa kidogo katika jambo hili kwa sababu lina onyo la kiutendaji. Kwa Wazungu, KIR2DS5 kwa kawaida hukaa upande wa telomia, jirani na KIR2DS1, na hizo mbili hurithiwa pamoja. Kwa hiyo hata ikionekana kuandamana na ulinzi, huwa imefuatana tu na anayefanya kazi. Kwa Waafrika wengi hukaa upande wa sentromia, mbali na KIR2DS1, na baadhi ya matoleo yake hufanya kazi yenyewe. Kipimo rahisi cha maabara kinachojibu tu kwamba KIR2DS5 ipo au haipo kitatoa jibu lilelile, «ipo», kwa mwanamke wa Cambridge na kwa mwanamke wa Kampala, na maana ya jibu hilo itakuwa tofauti kwa kila mmoja. Na kipimo kitakachobuniwa kutafuta KIR2DS1 peke yake, kwa kuwa ndiyo iliyothibitishwa Ulaya, kitamwandika mwanamke wa Kampala aliyekingwa kuwa hana kinga. Makosa ya aina hii hayahitaji nia mbaya. Yanahitaji tu mtu kudhani kwamba jina la jeni latosha.

Uzito wa ushahidi

Takwimu za Mulago zisomwe kwa kiasi chake. Uwezekano wa mara 1.49 si hukumu. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba katika kundi fulani mimba 5 kati ya 100 huingia prieklampsia; kwa wenye mchanganyiko wa hatari zingekuwa kama 7, na kwa wenye mpangilio wa ulinzi kama 3. Mimba 93 kati ya 100 za wenye mchanganyiko wa hatari zingepita salama. Hakuna daktari anayeweza kumtazama mwanamke wa KIR AA akamwambia kwa haki kwamba ataugua.

Tena, thamani ya P, yaani kipimo cha jinsi ambavyo bahati tu ingeweza kuleta matokeo kama hayo, kwa uhusiano wa hatari ilikuwa 0.0318, ambayo peke yake si imara sana, hasa katika eneo lenye jeni nyingi ambapo mtafiti anaweza kujaribu michanganyiko kadhaa na kukutana na mmoja kwa bahati. Kwa upande wa ulinzi ilikuwa 0.0095, afadhali zaidi. Ningekuwa na shaka kubwa kama matokeo haya yangesimama peke yake. Kinachonishawishi ni kwamba dhana ya hatari ilikuwa imetangazwa Uingereza kabla ya sampuli za Mulago kuchunguzwa, hivyo haikutungwa ili kuzifuata takwimu. Na kwamba dhana ya ulinzi ilibashiri jambo ambalo halikuwa limeonekana, kuwa toleo fulani la KIR2DS5 lishike C2, kisha maabara ikalikuta hivyo. Takwimu dhaifu kiasi zikiungwa mkono na ubashiri uliotimia zina uzito kuliko takwimu kali zisizo na maelezo.

Bado kuna la kuangaliwa. Kampala hukutanisha watu wa asili nyingi, Wabantu na Waniloti, na kiwango cha kupatikana kwa kila alele hutofautiana baina ya jamii. Utafiti wowote wa jeni katika mji wa namna hiyo lazima uhakikishe kwamba wagonjwa na wasio wagonjwa wametoka katika mchanganyiko uleule wa asili. Prieklampsia yenyewe si kitu kimoja: inayotokea mapema, ambayo huambatana zaidi na kondo lililoshikiza vibaya, haifanani na inayotokea karibu na siku za kujifungua. Na mimba ya kwanza ina hatari zaidi kuliko zinazofuata, hata pale baba ni yuleyule na watoto wote wamebeba C2 ileile. Jeni hazikubadilika baina ya mimba ya kwanza na ya pili, kwa hiyo kuna kinachotokea katika mfuko wa uzazi baada ya mimba ya kwanza ambacho hesabu ya jeni haikigusi.

Na liko jambo ambalo lisipotajwa, kisa hiki kitatumiwa vibaya. Watafiti wa Mulago walianza ripoti yao kwa kukumbusha kwamba vifo vya uzazi Afrika kusini mwa Sahara vilizidi 400 kwa kila uzazi 100,000, wakati kwa Ulaya havikufika 10. Pengo hilo ni la zaidi ya mara 40, na uwezekano wa mara 1.49 hauwezi kulieleza. Wanawake wengi wanaokufa kwa kifafa cha mimba hufa kwa sababu shinikizo halikupimwa, dawa ya kuzuia degedege, magnesi salfeti, haikuwepo, gari la wagonjwa lilichelewa, au chumba cha upasuaji kilikuwa na mtu mwingine. Jeni zinaweza kusaidia kueleza nani yuko karibu zaidi na ukingo. Kuanguka kwake kunategemea huduma.

Kwa nini A haikutoweka

Inabaki kuuliza kwa nini mstari wa A umedumu, ikiwa unahatarisha uzazi, na uzazi ndio mlango ambao kila jeni lazima ipite. Kila jamii ya watu iliyochunguzwa duniani ina A na B zote mbili. Hakuna iliyopoteza mojawapo. Hilo lenyewe ni dalili kwamba kila moja ina faida yake.

Faida moja ya vipokezi vya A huonekana katika maambukizi. Utafiti wa mwaka 2004 ulionyesha kuwa watu wenye KIR2DL3 pande zote mbili pamoja na C1 pande zote mbili walikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kukiondoa kirusi cha homa ya ini aina ya C bila dawa, pengine kwa sababu kipokezi hicho hutuliza kwa nguvu ndogo na hivyo seli za NK huamka upesi. Faida ya pili inaweza kuwa katika uzazi wenyewe. Huko Uingereza, mama mwenye KIR2DS1 na mtoto mwenye C2 ya baba walihusishwa na uzito mkubwa wa mtoto anapozaliwa. Mtoto mkubwa kupita nafasi ya nyonga ya mama ni hatari ya aina nyingine: uchungu pingamizi, kupasuka kwa mfuko wa uzazi, fistula. Katika karne zote zilizotangulia upasuaji, mtoto aliyekua kupita kiasi aliweza kumuua mama yake kama kondo lililoshikiza vibaya lilivyoweza kumuua. Ni sawa kudhani kwamba A na B zimewekwa katika mizani na hatari mbili zilizo pande mbili, na kwamba kila jamii imepata uwiano wake. Japani, kwa mfano, zaidi ya nusu ya watu ni KIR AA, lakini C2 ni adimu huko, hivyo mkutano wa hatari hautokei mara nyingi. Afrika, ambako C2 imejaa, toleo la KIR2DS5 linaloweza kuishika C2 limeenea. Sioni hilo kuwa bahati tu.

Chumba cha kliniki

Kwa sasa hakuna kipimo cha KIR na HLA-C kinachotumika kliniki ya wajawazito kubashiri prieklampsia, na kwa jinsi ushahidi ulivyo sishauri mtu akitafute. Kinachofanya kazi kinajulikana: kupima shinikizo na mkojo katika kila hudhurio, aspirini ya kiwango kidogo kuanzia mapema, kwa ushauri wa daktari, kwa mwanamke mwenye hatari kubwa, kwa mfano aliyewahi kuugua katika mimba iliyopita, kalisi pale chakula kinapokuwa na upungufu wake, na magnesi salfeti kwa prieklampsia kali, ambayo jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2002, lililohusisha wanawake wapatao 10,000 katika nchi 33, lilionyesha kuwa hupunguza degedege kwa zaidi ya nusu.

Siku kipimo cha jeni kitakapokuja, kisa cha Mulago kimekwisha kuweka masharti yake. Kitapaswa kusoma alele na si majina ya jeni tu. Kitapaswa kujua jeni imekaa nusu ipi ya mstari. Kitapaswa kuwa kimejaribiwa kwa wanawake wa Kampala, Kigoma na Kisumu kabla ya kuuzwa kwao. Na kwa kuwa jibu la mama peke yake ni nusu ya jibu, kitahitaji baba naye aje kliniki atolewe damu.